Swingi kwenye programu za muziki wa maandishi: tumewakosea nini?

Wakuu, nina hasira, mnivumilie.

Juzi nimekesha napanga bluzi ya baa 12 (vipande 12 vya muziki) kwa saksafoni mbili na tarumbeta, kwa ABC, ule mtindo wa kuandika nota kwa herufi za kawaida kisha programu inazitoa karatasi na sauti. Juu ya mstari nikaweka "^Swing", yaani swingi, ule mdundo wa kuyumba wa jazz. Kwenye karatasi neno likatokea safi kabisa. Nikabonyeza icheze: ta-ta-ta-ta, cherehani tupu. Kumbe lile neno ni pambo! Programu inalichora, hailisomi.

Mpiga saksafoni akiliona tu anajua kwava mbili (nota za nusu pigo) hazilingani, ya kwanza inavutwa, ya pili inachelewa. Mashine, mpaka uihangaikie.

Nikajaribu alama ya >. Kwa kanuni ya ABC, A>B ni kwamba ya kwanza inapata nukta (inarefuka kwa nusu yake) na ya pili inakatwa nusu, yaani 3 kwa 1. Krocheti, nota ya pigo moja, ikiwa na tiki 480 (vipande vidogo vya muda vya kompyuta), zinatoka 360 na 120. Hiyo swingi au gwaride la polisi? Swingi ya mwendo wa kati hukaa karibu na 2 kwa 1, yaani 320 na 160, na wimbo ukikimbia sana kwava zinakaribia kulingana. Nani aliamua uwiano uwe mmoja siku zote?

Haya, nikaandika tripleti (nota tatu ndani ya pigo moja) kila mahali. Sauti ikakaa. Karatasi sasa! Tarakimu za 3 zimejazana juu ya kila pigo kama siafu. Jamaa wa tarumbeta akaniuliza, "Mwalimu, huu mtihani?"

Nikapata skripti, kiprogramu kidogo, ya kuyumbisha kwava zote. Ikayumbisha mpaka sehemu ya kati niliyoitaka iende kwa mdundo wa Amerika ya Kilatini, kwava zimenyooka. Pa kuizima hakuna.

Leo nina mafaili mawili ya wimbo mmoja, la macho na la masikio. Nasahihisha huku, nasahau kule. Wiki nzima bendi imejifunza kosa nililokwisha lifuta kwenye karatasi.

Na asije mtu na "karatasi ndiyo kazi, sauti nyongeza tu". Wenzangu wawili hawasomi nota, wanashika kwa kusikiliza. (Wale wa "mbona Western Jazz na Kilwa Jazz hawakuhitaji kompyuta", zile bendi za zamani za Tanzania: jazz ilikuwa kwenye jina, wao walipiga dansi. Msinitoe kwenye mada.)

Nataka amri moja ya kuwasha swingi, niipe uwiano wangu, niizime nikitaka. Nani anayo? Mazoezi ni Alhamisi.