MREJESHO: Ile shida yangu ya kupiga kila mpira kwenye MLB The Show

Wakuu habari za jioni, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa ambao hawakuwepo, niliomba msaada maana kwenye hii gemu ya besiboli nilikuwa narusha gongo kwa kila mpira, slaida (mpira unaopinda pembeni mwishoni) ikikatika kwenda nje ya boksi la straiki (eneo ambalo mpira ukipita unahesabiwa halali) na mimi nipo nayo, chenjiapu, ule mpira wa polepole unaorushwa kama wa kasi, ndo usiseme, naiwahi kila mara.

Mdau wa Sinza ubarikiwe sana. Ulisema niingie mazoezini, nichague aina moja ya mpira halafu nisipige kabisa, niangalie tu unavyotoka mkononi. Inachosha mwanzoni ila ndo imenisaidia kuliko zote, kwa sababu fastiboli (mpira wa kasi) ya maili 95 kwa saa inafika kwa kama sekunde 0.4, ukisubiri ifike katikati ndo uamue ushachelewa, jicho lazima lizoee pale pale inapoachiwa. Siku hizi mipira ya nje naiacha roho safi, pichari (mrushaji) akifikisha boli 4, yaani mipira ya nje ya boksi ambayo sijaipiga, natembea zangu besi ya kwanza bure, raha sana aisee!

Kuwasha gemu modi kwenye TV (setingi inayofanya TV isichelewe kuonyesha unachobonyeza) nako kumesaidia, nimeona tofauti hapo hapo.

Kuhamia zoni, ile njia ya kupiga ambayo unalenga mpira mwenyewe, ndo kumenishinda, kusogeza kile kiduara cha kulengea huku unatafuta taimingi bado sana kwangu, nimerudi dairekshono (directional), njia rahisi ya kuchagua upande tu na taimingi. Na straiki zikifika 2, yaani imebaki moja nitolewe, slaida bado inanipata, imepungua tu haijaisha.

Asanteni mno, na dada yangu uliyenijibu usiku wa manane Mungu akuzidishie.