Mrejesho: Vijana na ndege za rimoti

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza tuwavuteje vijana kwenye klabu yetu ya ndege za rimoti hapa Uingereza, maana wanachama karibu wote tuna mvi. Aliyesema "wapeni rimoti, acheni mihadhara" alipatia. Tumeunganisha rimoti mbili: kijana anarusha, mwalimu akiona ndege inakwenda mrama anaachia swichi aliyokuwa ameishikilia, na ndege inarudi kwenye rimoti yake. Ndege ni ya povu. Ikianguka, gundi tu. Walikuja wanne, wamerudi wawili. Mmoja ni binti wa miaka 14 anayetua vizuri kunishinda (eti amejifunzia kwenye simuleta, programu ya kompyuta ya kuigiza urushaji!). Mtihani wa hapa Uingereza wa kupata kitambulisho cha mrushaji (Flyer ID), maswali 40, bure, wote wawili wamefaulu. Sasa kazi ni kuwazuia wazee wetu wasiwafokee wakikanyaga njia ya kurukia.