Mjadala: Mafunzo ya QGIS ya mtandaoni kwa watu wa maji Goma, yanatosha au hayatoshi?

Mwendesha mjadala

Hoja iliyo mezani ni hii. Mafundi wa mabomba, wapimaji, watu wa maabara na wanaohesabu vituo vya kuchotea maji hapa Goma wanahitaji kujua QGIS, programu huria ya ramani isiyolipiwa leseni. Kuna wanaotaka mafunzo yote yafanyike mtandaoni, cheti chake kihesabiwe sawa na cha darasani, na pesa za ukumbi na posho zinunue mega na betri. Wengine wanasema cheti cha namna hiyo kisimpe mtu haki ya kusaini ramani ya mradi wa maji. Tuseme kwa mifano. Anayepinga aonyeshe kinachoharibika, anayekubali aonyeshe kinavyofanyika.

Kijana wa Data, Katindo

Ninaunga mkono bila kusitasita. QGIS ni ya bure tangu ilipoanza mwaka 2002, na masomo yake kwa ajili ya kazi za maji yapo tayari. Chuo cha IHE Delft cha Uholanzi kimeweka ya kwake wazi kwa kila mtu, hatua kwa hatua, kuanzia kupakua modeli ya miinuko hadi kuchora eneo lote linalomwaga maji kwenye mto mmoja. Anayeketi ukumbini siku 5 husikia kila hatua mara moja; ikimpita, imempita. Kwenye video anairudisha mpaka mkono uzoee.

Shida ya mtandao inatatulika. Saa moja ya video ya ubora wa kati hula takriban mega 300 hadi 500, kwa hiyo usitazame moja kwa moja. Mmoja apakue usiku, wengine wanakili kwa fulashi. Kifurushi cha kusakinisha QGIS kwenye Windows kinazidi giga 1, nacho kipakuliwe mara moja kwa ajili ya kundi zima. Data yenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani: kipande kimoja cha SRTM, modeli ya miinuko iliyopimwa kwa rada kutoka angani, ni pikseli 3601 kwa 3601, kama mega 25 kikiwa hakijabanwa, na Goma yote imo ndani ya kipande S02E029.

Mpimaji wa Ndosho

Ndugu wa Katindo, kuhusu mega umesema vizuri. Lakini shida ya hapa kwetu inaanzia chini ya miguu, kwenye lava.

Zoezi la kawaida la masomo hayo huenda hivi. Unabadilisha SRTM kwenda UTM kanda ya 35 Kusini, mfumo unaopima kwa mita (namba yake ni EPSG:32735), kwa pikseli za mita 30, unahesabu mkusanyiko wa maji, yaani seli (pikseli) ngapi zinamwaga maji kwenye kila seli, kisha unachora vijito. Ukitumia r.watershed, chombo cha programu ya GRASS ndani ya QGIS, na kizingiti cha seli 1000, umeiambia programu kwamba kijito kinaanza pale eneo linapofika kilomita za mraba 0.9, maana seli moja ni mita za mraba 900. Kwenye udongo wa mfinyanzi hilo lina maana. Fanya hivyo hivyo toka Kibati, kaskazini ya mji, kushuka mpaka ziwani, na utapata vijito vya buluu vyenye matawi, vinavyopendeza macho, vinavyoingia Ziwa Kivu. Vijito hivyo havipo! Mvua inayonyesha juu ya lava inazama kwenye nyufa na kwenda chini kwa chini. Ndiyo maana mji huu unavuta maji ziwani kwa pampu ilhali mvua hainyimwi. Programu haikukosea hesabu: imesoma umbo la ardhi, na umbo halisemi kilichomo ndani.

La pili ni kujaza mashimo. Modeli huwa na mashimo ya uongo, makosa ya rada, na hatua hiyo imewekwa kuyaondoa. Hapa kwetu yapo pia ya kweli: kreta ya Lac Vert, vilima vya volkano ndogo vilivyobonyea juu, volkano ya Nyiragongo yenyewe. Ukibonyeza kitufe tu, yanajazwa mpaka ukingo na maji yanatolewa upande ulio chini zaidi, kana kwamba kreta inafurika. Mjuzi hufanya hivi: kwa kikokotoo cha rasta (ramani ya pikseli) anatoa modeli ya awali kutoka kwa ile iliyojazwa. Kila kiraka chenye kina cha zaidi ya mita 10 anakikagua kwa picha ya setelaiti, na kilicho shimo la kweli anakichora kama poligoni (umbo lililofungwa), anakigeuza rasta, anakiingiza kwenye r.watershed katika nafasi ya mashimo halisi. Nafasi hiyo ipo, ila kwenye masomo mengi inaachwa tupu kwa sababu mfano wao ni bonde la kawaida la mto.

La tatu, umri wa data. SRTM ilipimwa kutoka angani Februari 2000. Lava ya Januari 2002 ikapita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaingia ziwani. Kwa hiyo anayefanya zoezi kwa SRTM anapima Goma ya kabla ya lava hiyo. Modeli ya mita 30 ya Copernicus, mpango wa setelaiti wa Ulaya, inayotokana na vipimo vya 2011 hadi 2015, ni afadhali, lakini nayo haina lava ya Mei 2021 iliyofika Buhene. Mwalimu aliyeko mbali, anayefundisha watu wa nchi nyingi kwa pamoja, hawezi kuyakamata haya katika kazi ya mwanafunzi. Atampa alama zote, kwa sababu hatua zote kazifuata.

Fundi wa Mabomba, Majengo

Niongeze la presha. Mita 10 za kimo ni kama bari 1. Lengo la usahihi wa kimo la SRTM lilikuwa mita 16 kwa kiwango cha asilimia 90, na ingawa mara nyingi hutoka vizuri kuliko hapo, kosa la mita 5 tu ni nusu bari. Tena modeli hizi zinabeba mapaa na miti, si ardhi tupu. Juu ya hayo, watu huchanganya vimo: GPS huanza na kimo cha duaradufu ya WGS84 (umbo laini la hesabu la dunia), SRTM iko kwenye EGM96, Copernicus kwenye EGM2008 (modeli mbili za usawa wa bahari), na simu moja hurekebisha, nyingine hairekebishi. Ukiviweka kwenye jedwali moja, tangi linaonekana liko juu ya mtaa, kumbe robine ya mwisho haitapata kitu. QGIS ikusaidie kuchagua njia ya bomba. Kimo cha bomba kipimwe kwa nivo, kifaa cha kupimia vimo uwanjani.

Dada wa Maabara, Himbi

Kaka zangu, mnaongea kana kwamba kazi ya maji yote ni mabonde na matangi. Sehemu kubwa ya kazi ya kila siku hapa ni alama ndogo: wapi watu wanachota ziwani, wapi wanatiliwa klorini kwenye bidoni, kituo kipi kimekauka wiki hii. Kipindupindu hakingoji ukumbi upatikane. Na tuseme ukweli: nafasi za ukumbini huenda kwa wakubwa wa idara, wakati anayeshika mausi yuko ofisini. Mama anayenyonyesha hawezi kulala siku 5 mji mwingine. Mkifuta njia ya mtandaoni mnamfuta huyo.

Halafu makosa yanayoharibu ramani hizi mara nyingi hayahusiani na lava kabisa, na yanafundishika kwa video. Mfano ni vipimo vya Sphere, mwongozo wa kimataifa wa misaada, vinavyotumiwa wakati wa dharura: robine moja kwa watu 250, na maji yasizidi mita 500 kutoka nyumbani. Mtu anataka duara la mita 500 kuzunguka kila kituo, tabaka lake liko EPSG:4326, mfumo unaopima kwa digrii, anaandika 500, na programu inachora digrii 500. Duara linafunika dunia nzima. Anapunguza, anajaribu 5, anajaribu 0.5, mpaka linapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu sasa ramani inaonekana sawa. Dawa yake ni kuhamisha tabaka kwenda EPSG:32735 kwanza, ndipo uandike 500.

Nyingine ni Excel ya Kifaransa. Inahifadhi CSV (jedwali la maandishi matupu) kwa nukta-mkato kati ya safu, na koma badala ya nukta kwenye namba. Wakati wa kuingiza, chagua nukta-mkato kama kitenganishi na uweke tiki kwenye koma ya desimali. Bila hivyo -1,67 inasomwa kama maandishi na alama hazitokei. Na X ni longitudo, yaani 29 na kitu. Y ni latitudo, -1 na kitu. Ukigeuza, vituo vyako vya Goma vinakwenda kukaa katika jangwa la Aljeria. Mwenye kujua hivyo anatambua kosa kwa kutazama tu mahali alama zilipoangukia.

Mwalimu wa Kadutu, Bukavu

Nawasalimu toka upande wa pili wa ziwa. Mpimaji ana haki kwa Goma, lakini asitufunge sote. Hapa Bukavu milima ni ya udongo, mvua inatiririka juu na kuchimba makorongo, na zoezi la bonde linakubaliana na ardhi vizuri sana. Kwa hiyo sheria moja kwa Kivu nzima itakuwa kosa.

Mimi nashikilia jambo lingine: masomo ya mtandaoni yanazeeka. Video nyingi zinajaza mashimo kwa chombo cha SAGA, programu nyingine huria ya ramani, kinachoitwa Fill sinks (Wang & Liu). Tangu toleo la 3.30 SAGA si sehemu ya QGIS tena. Unahitaji plagini (programu-jalizi) ya Processing Saga NextGen na SAGA yenyewe kando. Mwanafunzi anatafuta kitufe, hakioni, anafikiri kompyuta yake mbovu, anaacha. Kundi zima litumie toleo moja linalotunzwa kwa muda mrefu, lile lile, toka fulashi moja, pamoja na plagini zikiwa faili za ZIP zinazoingizwa bila mtandao.

Kuna na hili la kwetu tunaoandika majina kwa Kifaransa. Kama jina la mtumiaji kwenye Windows ni Joséphine au André, ile herufi yenye alama inaingia kwenye njia ya folda za muda, na vyombo vya GRASS vinaweza kugoma bila kueleza sababu. Tengeneza folda C:\kazi, isiyo na nafasi wala alama, kisha kwenye mipangilio ya Processing elekeza matokeo ya muda huko. Mradi uhifadhiwe kwa njia tegemezi (inayoanzia kwenye folda ya mradi), vinginevyo ukiuhamishia kompyuta nyingine tabaka zote zinapotea. Data iwekwe kwenye faili ya GeoPackage, kwa sababu faili ya zamani ya Shapefile inakata majina ya safu kwenye herufi 10.

Na wanaofanya kazi mpaka Butembo na Beni wakumbuke kwamba huko ni kaskazini ya ikweta: kanda ni 35 Kaskazini, EPSG:32635. Ukisoma namba za upande mmoja kwa mfumo wa upande mwingine, kosa ni mita 10,000,000.

Mpimaji wa Ndosho

Mwalimu, nakubali kuhusu Bukavu. Dada naye kanishawishi kwamba njia ya mtandaoni isifungwe. Lakini saini ni jambo lingine. Napendekeza mtihani wa siku moja, nusu mezani na nusu uwanjani.

Mezani, mtu apewe pointi ya GPS kwenye daraja la mto mmoja, achore eneo linaloumwagia maji. Pointi iwekwe makusudi seli moja pembeni ya mkondo. Asiyejua ataiingiza hivyo hivyo kwenye r.water.outlet, chombo kinachochora eneo hilo, na kupata kieneo cha seli chache. Anayejua ataisogeza kwanza kwenye seli yenye mkusanyiko mkubwa. Uwanjani achukue QField, programu ya simu inayofungua miradi ya QGIS, mradi ukiwa umeandaliwa kutumika bila mtandao, akague mistari 3 ya vijito iliyochorwa na programu upande wa lava, aandike kama kuna njia ya maji au hakuna, na picha.

Tena uwanjani kuna mazuku. Hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini inakaa kwenye mabonde madogo, hasa alfajiri kukiwa hakuna upepo, na sehemu hizo ndizo modeli inazozionyesha kama mashimo ya kukagua. Mtu asishuke peke yake, asishuke asubuhi mapema, na akikuta ndege au panya waliokufa ageuke. Hilo lifundishwe papo hapo na anayejua maeneo.

Kijana wa Data, Katindo

Mtihani nakubali, ila uwahusu wote. Wapo wenye cheti cha darasani ambao wangeiingiza pointi ile ile bila kuisogeza. Ukimpima wa mtandaoni peke yake, umeshaamua kabla ya kumpima. Na vile vitu vitatu vya lava viandikwe kwenye kurasa mbili na kuwekwa ndani ya fulashi, pamoja na kipande cha Copernicus, mipaka ya lava ya 2002 na 2021, na poligoni za kreta. Hapo tayari umepata somo la Goma juu ya somo la Delft.

Dada wa Maabara, Himbi

Naunga mkono hilo. Wa maabara asinyimwe saini ya ramani ya vituo vya klorini kwa sababu hakukagua vijito vya lava. Sehemu ziwe mbili, kila mtu asaini kile alichofaulu.

Mpimaji wa Ndosho

Kwa vituo, sawa Dada. Kwa ramani yoyote inayoonyesha maji yanapita wapi, au tangi na choo vikae umbali gani, hapana. Kwenye lava iliyopasuka, kinachomwagwa juu hakichujwi na udongo, na aliyesaini ramani hiyo lazima awe ameukanyaga mwamba wenyewe.