Darasa la tatu: wiki nzima ya masomo, au siku mbili na nusu?

Mama_Wawili
Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali huku pembezoni mwa Dar, darasani wako 112. Wiki hii niliumia mguu nikashinda nyumbani, kwa hiyo kila jioni nikawa nafungua begi lake. Naweka nilichokikuta.

Jumatatu: mstarini mpaka saa mbili na nusu, matangazo ya michango. Hisabati maswali matano ya kutoa. Kiswahili, nusu ya shairi. Nusu nyingine ilifutwa ubaoni kabla hajamaliza kunakili. Jumanne: Sayansi, kurasa mbili za kunakili. Nimemuuliza "mmeng'enyo" ni nini, kaniambia ni kichwa cha habari. Jumatano: madaftari meupe, mwalimu alikwenda semina ya mtaala mpya, monita akaandika wapiga kelele (na wa kwangu yumo). Alhamisi: dumu la lita tano na fagio la chelewa, kumwagilia miche na kufagia mpaka saa nne, halafu vipindi viwili. Ijumaa: jaribio la wiki, shilingi 200 ya karatasi, wakabadilishana wakasahihishana wenyewe.

Kilichoninyima usingizi ni hiki. Kwenye zile hesabu za Jumatatu, 402 toa 178, binti kaandika 376. Pembeni kuna alama ya vema, nyekundu, ya mwalimu.

Swali: hili jaribio la kila Ijumaa linawafaa watoto wa miaka tisa, au tuombe hiyo siku irudi wafundishwe? (Mwalimu wao wa kipindi cha mwisho anauza barafu humohumo darasani, ila hilo tuliache.)

Kinyozi_Mstaafu
"Hilo tuliache." Dada, humu ndani hakuna kinachoachwa. Barafu za nini?

Mama_Wawili
Ukwaju na ubuyu, mia mia. Turudi kwenye jaribio tafadhali.

Mwl_Chaki
Mimi ni mwalimu wa msingi, mwaka wa kumi na moja kazini, na nilitaka nipite kimya. Lakini hiyo ya barafu imenigusa. Unajua daftari 112, ukilipa kila moja dakika mbili tu, ni karibu saa nne? Hapo ni somo moja. Kuna azimio la kazi, andalio la somo, shajara, zamu, na mikopo inayokatwa kabla mshahara haujafika mkononi. Mwalimu akigandisha ukwaju nyumbani kwake kwa umeme wake mnaona dhambi. Daktari ana duka la dawa nje ya geti, mnamwita mjasiriamali.

Bwana_Nyundo
Mwalimu, duka la dawa la daktari halipo wodini. Barafu iko darasani, na muuzaji ndiye anayeshika kalamu nyekundu. Mtoto asiye na mia anajifunza nini pale?

Mwl_Chaki
Anajifunza kwamba mwalimu naye anakula.

Bwana_Nyundo
Basi mama ajue kuwa ile 376 ilipata vema kwa sababu mtoto alinunua mbili.

Mama_Wawili
Hanunui. Simpi hela zaidi ya ile 200 ya karatasi.

Shemeji_wa_Kimara
Hiyo 200 yenyewe ni haramu. Si Magufuli alifuta michango yote 2017?

Karani_Mkongwe
Elimu bila malipo ilianza Januari 2016, kwa waraka wa mwishoni mwa 2015. Shule inaletewa ruzuku. Hesabu yake ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na katika hiyo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Inayofika ni 6,000, yaani mia tano kwa mwezi kwa kila kichwa. Humo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo. Kwa hiyo karatasi ya kila Ijumaa haina fungu. Ama mzazi atoe 200, ama maswali yaandikwe ubaoni.

Shemeji_wa_Kimara
Kwa hiyo unatetea michango?

Karani_Mkongwe
Nimetaja hesabu. Mambo ya kutetea umeleta wewe.

Tausi_Mweupe
Jamani mhamishe mtoto. Wa kwangu yuko English medium, wako 31 darasani, kila Ijumaa napokea ripoti kwenye simu. Sikuzote nasema, elimu ni ghali lakini lipa.

Kinyozi_Mstaafu
Tausi, na hiyo ada tukutumie namba ya simu ututolee, au?

Tausi_Mweupe
Nilijua tu. Mkiambiwa ukweli mnaleta umaskini kama cheti cha kuzaliwa.

Kinyozi_Mstaafu
Mimi nimenyoa vichwa miaka thelathini nikasomesha wanne shule za serikali, na mmoja ni mhandisi. Usinifundishe bei ya kitu.

Babu_Mwembe
Vijana mnalialia. Sisi wa UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, baada ya 1977, tulifundishwa na mtu aliyemaliza la saba juzi, tukakaa chini ya mwembe, kitabu kimoja kwa watoto kumi. Jedwali la kumi na mbili tulilijua kwa fimbo. Ukikosea unalamba sita, kesho hukosei. Sasa hivi fimbo imeondolewa, ndiyo haya.

Bwana_Nyundo
Fimbo haijaondolewa mzee. Kanuni zipo, viboko visizidi vinne, na anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Hizo sita zako leo zingekuwa nje ya sheria.

Babu_Mwembe
Zilinifaa lakini.

Bwana_Nyundo
Haya, 402 toa 178?

Babu_Mwembe
234. Bila kalamu.

Kinyozi_Mstaafu
😂😂😂 Mzee vua shati ulambe sita.

Fundi_Saa
Ni 224. Na mtoto hakubahatisha, mkiangalia utaona ana kanuni yake. Mamia, 4 toa 1 ni 3. Makumi, 0 na 7, kaona haiwezekani akageuza, 7 toa 0 ni 7. Mamoja, 2 na 8, akageuza tena, 6. Ndiyo 376. Kila safu anachukua kubwa anatoa ndogo, haangalii ipi iko juu. Maana yake hajaelewa kukopa, na ile sifuri katikati ndiyo mtego wenyewe, kwa sababu makumi hayana cha kukopesha mpaka yaende kwanza kwa mamia. Mama, chukua njiti za kiberiti, funga kumi kumi kwa rababendi, kisha mafungu kumi yafanye mia. Mwache afungue mwenyewe. Wa kwangu ilimchukua jioni mbili.

Mwl_Chaki
Watoto 112, ndugu yangu. Njiti nitatoa wapi? Nitahitaji kiwanda cha kiberiti.

Wanjiku_wa_Thika
Majirani hamjambo. Huku Kenya tangu CBC, mtaala wa umahiri, ianze nchi nzima 2019 sisi hatuna jaribio la Ijumaa, tuna kazi ya mzazi. Mwanangu alipokuwa gredi ya tatu niliambiwa saa tatu usiku kuwa kesho anahitaji katoni, gundi na manyoya ya kuku. Manyoya! Nilichinja kuku ambaye hakuwa amepangiwa kufa wiki hiyo.

Kinyozi_Mstaafu
Wanjiku, kuku huyo alipata alama ngapi?

Wanjiku_wa_Thika
"Amekaribia matarajio." Na nyama tulikula.

Tausi_Mweupe
Hata hapa mtaala mpya umeshaanza, 2024 uliingia la kwanza na la tatu, msingi itakuwa miaka sita. Mtaona manyoya na nyie.

Mwl_Chaki
Ndiyo semina ya ile Jumatano mnayoilaumu. Nimewahi kwenda. Siku moja, kitini kimoja kwa walimu wanne, tukarudi tukaambiwa sasa mjue kumjenga mtoto umahiri. Halafu kila mwisho wa mwezi naulizwa wastani wa darasa, na wastani hautoki kwenye njiti, unatoka kwenye jaribio. Mwakani hao ni darasa la nne, kuna upimaji wa taifa. Shule ikishika mkia kwenye kata, anayeitwa kikaoni ni mimi, hamtaitwa nyie wala huyo binti. Mkitaka Ijumaa ifutwe, mwandikieni aliye juu yangu.

Bwana_Nyundo
Hapo umesema. Kwa nini hukuanza na hili, ukaanza na daktari?

Mwl_Chaki
Kwa sababu mlianza na barafu.

Shemeji_wa_Kimara
Mwalimu bado hujajibu, na wewe unauza?

Mwl_Chaki
Visheti. Saa ya mapumziko tu, nje, chini ya mti. Na siandiki jina la mtu.

Bwana_Nyundo
Ahaaa.

Babu_Mwembe
Nimerudia kwa kalamu. Ni 224. Naomba radhi kwa familia ya UPE.

Mama_Wawili
Asanteni. Jana tumemaliza njiti za viberiti vingi. 402 amepata, 500 toa 263 amepata, 1000 toa 1 amelia. Leo nimekwenda shuleni na mguu wangu, nikamwonyesha mwalimu wa Hisabati lile daftari. Hakukasirika. Alilitazama muda mrefu, akasema siku ile alipofika daftari la themanini macho yalikuwa yameshachoka, akawa anaangalia kama kazi imefanywa, basi. Akachukua kalamu akaifuta ile vema, akamwambia binti aandike tena mbele yake. Kuhusu jaribio kaniambia nimwone mkuu wa shule. Mkuu wa shule yuko semina.

Bado nataka maoni yenu kuhusu Ijumaa.

Shemeji_wa_Kimara
Hivi huko barafu kweli bado mia? Huku kwetu mia mbili, tena haijagandishwa vizuri.