Bango la A0 la mkutano wa programu huria, nipunguze nini?

mitaro_dar: Wadau habarini za jioni. Nimekubaliwa kupeleka bango kwenye mkutano wa madevelopa wa programu huria, mara yangu ya kwanza kabisa na zimebaki wiki mbili. Plagini yangu (kiongezo) ya QGIS, ile programu ya ramani, inachukua mitaro iliyochorwa OpenStreetMap, ramani huria inayochorwa na watu wenyewe, ile kazi mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar 2015, halafu inakuonyesha mtaro upi umekatika njiani yaani maji hayana pa kwenda. Sasa nimejaza utangulizi, mchoro wa moduli zote, msimbo, skrinishoti sita, limekuwa gazeti. Nitoe nini? Na fonti saizi gani?

Shangazi_Linux: Hongera sana mdogo wangu! Msimbo toa wote, mtu kasimama na kikombe cha kahawa hawezi kusoma msimbo ukutani, anayeutaka ataufuata GitHub, kule mtandaoni unakowekwa msimbo. Katikati weka ramani moja tu kubwa, Tandale kwa mfano, mtaro uliokatika mwekundu, vingine vyote kijivu, mtu akipita mbali aje mwenyewe kuuliza. Maandishi usishuke chini ya pointi 28. Kupima print kwenye A4, pale kila kitu kinakuwa robo ya urefu wake so 28 inakuwa 7, ukisoma bila kukodoa macho uko sawa.

fundi_vekta: Hizo skrinishoti zitakuangusha. A0 ni milimita 841 kwa 1189, picha ya pikseli 1920 ukiitandaza upana wote huo unapata kama pikseli 58 kwa inchi, ukungu mtupu. Ramani itoe QGIS kwa SVG, faili la mchoro ambalo ukilikuza haliingii ukungu, umalizie Inkscape, programu ya kuchora. Na wachapaji wapelekee PDF! mimi niliwahi kupeleka SVG, kompyuta yao haikuwa na fonti yangu ikaweka ya kwake, vichwa vya habari vikapanda juu ya michoro na hela nishalipa, nikasimama nalo hivyohivyo siku nzima roho inaniuma. Sasa hivi nageuza maandishi yote kuwa path kwanza, yaani maumbo tu yasiyohitaji fonti, ila kwenye nakala jamani, ukigeuza faili lenyewe huhariri tena hata herufi moja. Halafu wachangiaji wa OpenStreetMap lazima uwataje kwenye bango, leseni ya data zao, ODbL, inataka hivyo.

binti_wa_kernel: Kama unapanda ndege chapisha kwenye kitambaa, unakunja unaweka begini. QR usiielekeze kwenye msimbo moja kwa moja, ipeleke kwenye maelekezo ya kuinstall pamoja na kazi ndogo tatu ambazo mgeni anaweza kuanza nazo siku hiyohiyo, wewe unatafuta watu wa kushika kazi na wewe.

mitaro_dar: Asanteni mno. Moduli zimetoka zote, imebaki ramani na maneno kidogo. Nimeprint A4 nikampa mama bila kumwambia kitu, kaangalia kidogo akauliza "huu mtaro mbona umeishia nyumbani kwa watu?" Ila maelezo ya rangi pale chini hakuyaona, nayakuza usiku huu.