Mabaharia wa Thunder: ilikuwa haki kuwarudisha kwao bila kesi?

Mwambao: Wakuu, naleta hili tulijadili. Thunder, meli ya uvuvi haramu, ilizama 6 Aprili 2015 kwenye maji ya São Tomé na Príncipe. Watu wote 40 walitoka salama, na waliowaokoa ni meli zilezile mbili za Sea Shepherd, shirika la watetezi wa bahari, zilizokuwa zikiwafukuza tangu Antaktika kwa siku 110. Mahakama ya São Tomé ikawahukumu kifungo watatu tu, nahodha na mafundi mitambo wawili, pamoja na faini inayozidi euro milioni 15. Waliobaki, wengi wao Waindonesia, walirudishwa kwao. Mimi nasema huruma ilizidi. Anayevuta jarife (wavu mrefu) haramu ni mhalifu sawa na anayemwamuru avute. Wangekuwa na utu wangegoma.

Mzee wa Tanga Tatu: Hapo kwenye "wangegoma" umeniudhi, kijana. Nimefanya kazi kwenye meli za uvuvi za watu. Ukishapanda, pasi yako inafungiwa kwenye kabati la nahodha. Hela unaambiwa utalipwa mkataba ukiisha. Chakula ni chake, simu ni yake, na nchi kavu huioni wiki kwa wiki. Ugome uende wapi, uogelee? Usiwahukumu watu wa sitahani ukiwa umekaa kwenye kiti.

Kusi_Mkali: Mnaruka swali kubwa. Hao Greenpeace walipewa na nani mamlaka ya kuikimbiza meli ya mtu bahari kuu miezi mitatu na ushee? Si dola, si polisi. Huo ni uharamia.

Bi Mkunga: Kaka Kusi, si Greenpeace, ni Sea Shepherd, Mwambao amekuandikia hapo juu. Na Thunder ilikuwa inatafutwa na Interpol kabla hata ya mbio kuanza. Nigeria iliyoipa bendera nayo iliifuta wakiwa bado njiani. Uharamia uko wapi? Hawakupanda melini mpaka nahodha mwenyewe alipoomba msaada. Meli moja ya Sea Shepherd, Sam Simon, ilibaki nyuma ikivuta jarife walizotelekeza Thunder, kilomita zaidi ya 70 za wavu, ndiyo ikawafuata.

Na someni walichokikuta. Watu wa Bob Barker, meli ya pili ya Sea Shepherd, waliingia Thunder ikiwa bado inaelea. Milango imefungwa kwa kamba *ili ikae wazi*. Kifuniko cha ngama, chumba cha chini cha shehena, kiko wazi. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri baharini anajua meli ikianza kuingiza maji kitu cha kwanza ni kufunga kila mlango, maji yasihame chumba kwenda chumba. Hawa walifanya kinyume. Nahodha alidai wamegongana na kitu, kisha meli ilipokwenda chini akashangilia. Ile ilitoswa ili ushahidi uzame nao.

Kusi_Mkali: Interpol wanatoa notisi, hawampi raia kibali cha kukamata. Mimi ninachopinga ni watu wa nje kujifanya walinzi wa bahari ya Afrika. Sisi Watanzania 2009 tulimkamata Tawariq, meli ya uvuvi haramu, wenyewe, ndani ya maji yetu, hatukumwita mtu.

Jahazi85: Wenyewe? Ile doria ilitumia meli ya Afrika Kusini, ndugu yangu. Tusidanganyane.

Kusi_Mkali: Meli ya kuazima, amri yetu. Samaki wa Magufuli hukuwasikia? Karibu tani 300 za jodari, wakagawiwa kwenye taasisi za umma. Waziri wa aina ile hatujampata tena. Na wewe Jahazi huwa unasubiri jina lake litajwe ndipo uamke.

Jahazi85: Sijamtukana marehemu, usinilishe maneno. Nauliza kesi iliishia wapi? Mahakama ya Rufani ilibatilisha mwenendo wote 2014. Samaki wameshaliwa, ushahidi hakuna. São Tomé, kisiwa kidogo kile, wamefunga kesi yao mwaka uleule meli ilipozama. Hilo halikuumi?

Kusi_Mkali: Linaniuma, ndiyo. Lakini lawama ni ya wanasheria, siyo ya aliyekamata.

Mzee wa Tanga Tatu: Kwa kuwa mmeitaja Tawariq, basi nijibuni. Walikamatwa watu 37. Waliotiwa hatiani Februari 2012 ni wawili tu, nahodha na wakala. Wale wapishi na wavuta kamba walikaa rumande muda mrefu, mbali na wake zao, halafu wakaambiwa nendeni. Hicho ndicho Mwambao anakitaka kwa vijana wa Thunder?

Mwambao: Sijasema waozee rumande, mzee wangu. Nimesema wangebanwa kwanza waeleze nani alikuwa akiwalipa, ndipo wapande ndege. Mwenye meli hakusimama kizimbani São Tomé hata siku moja!

Mzee wa Tanga Tatu: Mvuta kamba hamjui mwenye meli. Anamjua wakala aliyemsainisha kijijini na nahodha anayemfokea. Ukitaka mwenye mali, fuata bima, fuata benki, fuata aliyenunua samaki. Hispania walifuata njia hiyo, na mfanyabiashara wa Galicia akatozwa mamilioni ya euro. Hakuna aliyehitaji kumfunga mpishi.

Bi Mkunga: Naongeza hapo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 98, unazitaka nchi zimwamuru nahodha amwokoe yeyote aliye hatarini baharini, hauulizi kaiba au hakuiba. Wale Sea Shepherd waliwapokea kutoka kwenye boti za mpira watu waliowafukuza miezi mitatu.

Kusi_Mkali: Kuokoa sijapinga, Bi Mkunga. Rudi kwenye mamlaka, hujanijibu.