Yule mchambuzi wetu kaandika MAREHEMU ALIZIDISHA. Marehemu ni mimi!

Kifaurongo (mwanzisha uzi):
Wakuu, salamu baadaye, nimevurugwa. Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa siti ya mbele asiyevua kofia hata feni za ukumbi zikigoma zote. Kaandika uchambuzi wa mchezo wetu wa Ijumaa. Kaponda hadithi, sawa. Kaponda taa, sawa, zile taa hata mimi sizipendi. Nafika aya ya mwisho nakuta: "Marehemu alizidisha."

Marehemu ni mimi.

Nimelazwa kwenye jeneza tangu pazia linafunguliwa mpaka linafungwa. Neno sina hata moja. Sanda hadi kidevuni, pamba puani. Nimezidisha nini? Nimekufa sana? Kuna kipimo cha kufa kimebandikwa ubao wa matangazo mimi sikukiona?

Kwa ambao hamkuja: mzee kafariki, kamati ya mazishi inagombania michango, wajane wawili wanajuana pale pale mbele ya jeneza, na mwenyekiti anaomba marehemu asogezwe kidogo meza ya pilau ipate nafasi. Mchezo mkali, sikatai. Kuna mama alitoka katikati akisema tunachezea kifo. Namheshimu, kaondoka kwa adabu na mlango kaurudishia taratibu. Kuna mzee kapanda jukwaani akatia noti ya 2,000 kwenye kapu la rambirambi, anajua ni msiba kweli. Hao ndio watazamaji!

Na huyo mchambuzi je? Mjane mdogo anafunua sanda, ukumbi kimya, mpaka mbu wametulia, simu yake ikalia. AKAPOKEA. "Niko msibani, nitakupigia." Kwa sauti ya kuitia abiria wa Gongo la Mboto. Watu wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakasimama kumpigia makofi. Makofi makubwa kuliko yote ya usiku ule kapata yeye, kakaa kwenye kiti, halafu aliyezidisha ni mimi niliyelala!

Nimebana chafya ndani ya lile sanduku la plaiwudi hadi nikawaona mababu. Marehemu alizidisha. Wallahi leo silali.

Chapati Maji:
Naweka kambi hapa. Mwenye kahawa asogee.

Dereva Mstaafu:
Mkuu, nilikuwepo. Ulipumua. Na si kupumua kwa kuiba, tumbo lilikuwa linapanda na kushuka mpaka mwanangu akaniuliza yule babu ataamka saa ngapi.

Kifaurongo:
Ibara ya 14 ya Katiba, kila mtu anayo haki ya kuishi.

Dereva Mstaafu:
Imesema mtu. Haijasema maiti.

Bi Mkubwa wa Ilala:
Na ilipotajwa nyumba ya Kigamboni ulitabasamu. Nilikuona kwa macho yangu.

Kifaurongo:
Shikamoo mama. Ile ni misuli! Maiti hukakamaa, ni biolojia hiyo!

Bi Mkubwa wa Ilala:
Marahaba. Ilikakamaa mpaka pengo tukaliona.

Mwalimu wa Zamu:
Hili si geni. Mwaka 1965 Mwingereza Joe Orton alitoa mchezo uitwao Loot: jeneza, fedha za wizi, na maiti ya mama inafichwa kabatini. Enzi hizo tamthilia zote kule zilipita kwanza kwa mkaguzi, Lord Chamberlain, hadi sheria ya 1968 ilipomvua kazi hiyo. Akashurutisha maiti iwe mdoli, asilale mtu hai. Ziara ya kwanza ilipondwa, mchezo ukafa kabla ya kufika kumbi kubwa za London. Ukarudishwa 1966, ukapata tuzo ya gazeti la Evening Standard. Vuta subira, kijana.

Dereva Mstaafu:
Kwa hiyo mdoli kabeba tuzo, binadamu kabeba lawama.

Chapati Maji:
Bosi kanigeukia, nimecheka kwa sauti. Mwambieni mwongozaji anunue mdoli, hadai nauli.

Kifaurongo:
Mwalimu, umekuja kunitetea au kunizika?

Mwalimu wa Zamu:
Nina mashaka na uzi wenyewe. Huyo huyo Orton alikuwa akiandikia magazeti kwa jina la mama wa kubuni, Edna Welthorpe, anailaani michezo yake mwenyewe kuwa ni michafu ili watu wagombane. Jumamosi mnarudia onyesho, siyo?

Kifaurongo:
Tunarudia, saa kumi na mbili jioni, lakini HAIHUSIANI!

Bi Mkubwa wa Ilala:
Saa kumi na mbili ya wapi? Ijumaa mliandika hivyo hivyo, mkaanza saa mbili kasoro. Miguu yangu imevimba hadi leo.

Mpiga Debe Mnazi Mmoja:
Mama kasema kweli. Kiingilio 15,000, kiti kina msumari, gauni la mke wangu limechanika. Sasa nadaiwa gauni, na ndoa haina uchambuzi.

Mzee Sina Haraka:
Mimi ndiye niliyetia ile 2,000. Naomba irudishwe.

Kifaurongo:
Shikamoo mzee wangu. Ile hela kaondoka nayo mweka hazina.

Mzee Sina Haraka:
Marahaba. Wa kwenye mchezo au wa kweli?

Kifaurongo:
Ni mtu mmoja.

Bi Mkubwa wa Ilala:
Msinitajie waweka hazina! Harusi ya mtoto wa dada yangu imepita, bibi harusi ana mimba ya pili, mwenye muziki hajalipwa.

Mpiga Debe Mnazi Mmoja:
Kamati za harusi zifutwe. Naingizwa kwenye magrupu usiku wa manane, asubuhi nadaiwa ahadi ambayo sijaitoa, kwa bwana harusi ambaye hata sura simjui.

Dereva Mstaafu:
Bora wewe. Mimi nimechanga 50,000, sahani imeletwa na shingo ya kuku.

Chapati Maji:
Shingo ni heshima hiyo. Meza yetu chakula tulikiona kwenye picha za maharusi.

Kifaurongo:
Wakuu, mada! Kasema marehemu alizidisha!

Bi Mkubwa wa Ilala:
Lala, mwanangu, marehemu hachangii uzi. Dereva, hiyo shingo ilikuwa harusi ya Tabata au ya Mbezi?

Dereva Mstaafu:
Mbezi. Ya Tabata hata shingo haikutufikia.